Jinsi ya kusoma redio na gesi ya moto katika vikundi vidogo vya galaksi

Mtu akianza kupendezwa na makundi ya galaksi, kwa kawaida hukimbilia yale makubwa yenye majina: Coma, Perseus. Mimi wanafunzi wangu nawaanzishia na vikundi vidogo, vyenye galaksi chache hadi makumi kadhaa. Katika kundi kubwa, gesi inayojaza nafasi kati ya galaksi hufikia nyuzijoto milioni 50 hadi 100, na imekamatwa barabara na mvutano wa kundi zima. Shimo jeusi la katikati likirusha mikondo yake ya chembe, huivuruga gesi ya jirani basi. Kikundi kidogo kina uzito wa Jua mara trilioni 10 hadi 100 hivi, gesi yake ina nyuzijoto zipatazo milioni 10, na mvutano unaoishikilia ni dhaifu. Mlipuko uleule unaisukuma mbali na kuacha alama ambazo hata macho ya kidato cha tano yanaziona. Tena sehemu kubwa ya galaksi za ulimwengu, yetu ikiwemo, zinaishi katika vikundi. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Nafundisha fizikia kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Dodoma. Darubini sina, na kwa kazi hii haihitajiki. Picha za redio na za eksirei zilizopigwa kwa darubini kubwa za dunia zimewekwa wazi kwa kila mtu, bila malipo. Unachohitaji ni kompyuta ya kawaida (yangu ina RAM ya GB 4), programu ya bure ya kutazamia picha za anga iitwayo SAOImage DS9, na kikokotoo chenye logi. Kama kikokotoo hakipo, kitabu cha majedwali ya hesabu kinachoingia kwenye chumba cha mtihani kinatosha kabisa. Mafaili nayashusha kwa bando la usiku, nikiwa nyumbani Nkuhungu, kwa sababu faili moja la Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyo angani, linaweza kufika makumi ya megabaiti na zaidi. Yakishafika, yahifadhi kwenye flashi, umeme na mtandao visikutawale.

Unachokitafuta ni vitu viwili

Cha kwanza ni gesi. Ni nyepesi mno: ukitoka katikati ya kikundi, lita moja ya nafasi inabaki na chembe moja au chache tu. Lakini kwa kuwa ina joto la mamilioni ya nyuzijoto, haitoi mwanga wa kuonekana kwa macho, hutoa eksirei. Wanaastronomia hupima joto hilo kwa kiloelektronivolti, na inafaa kukariri kwamba keV 1 ni Kelvini milioni 11.6. Vikundi vidogo viko kati ya keV 0.5 na 2. Kwenye joto hilo sehemu kubwa ya eksirei hutoka kwenye mistari ya spektra ya atomi za chuma iliyo karibu na keV 1, na jambo hili litatusaidia baadaye tukichagua nishati ya kuangalia.

Hewa ya dunia huzuia eksirei, kwa hiyo darubini zake lazima zipande juu. Wanafunzi wangu hupenda kusikia kwamba setelaiti ya kwanza kabisa ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Setelaiti hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za makundi ya galaksi zinatoka kwenye eneo pana, siyo kwenye nukta moja. Kwa hiyo elimu ya gesi ninayoieleza hapa ilianzia kwenye mwambao wetu, na kila mwalimu wa Afrika Mashariki angeitaja darasani.

Cha pili ni redio. Hii haitoki kwenye gesi ya moto. Inatoka kwa elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya nuru, zikizunguka ndani ya uga sumaku. Nyingi zilirushwa na shimo jeusi la galaksi kubwa ya katikati. Elektroni zenye nishati kubwa huishiwa upesi kuliko nyingine, kwa hiyo wingu la redio likizeeka hufifia kwanza kwenye masafa ya juu, huku masafa ya chini yakiendelea kuonekana. Shika hilo, kwa maana ndiyo saa yetu.

Anza na Fornax, kwenye simu

Fornax ni kundi dogo, lipo umbali wa miaka ya nuru milioni 65 hivi, na kwetu linapita juu sana. Mwanzoni mwa Januari, saa tatu na nusu usiku, linakuwa digrii 61 juu ya upeo wa kusini. Wakati huo mawingu ya mvua ya Dodoma huwa yameshafunga anga, ila wewe unaangalia picha zilizokwisha kupigwa. Mvua inyeshe tu.

Fungua Aladin Lite, tovuti ya bure ya picha za anga, kwenye kivinjari cha simu, andika NGC 1399. Utaletewa galaksi kubwa ya katikati ya Fornax kwa mwanga wa kawaida. Badilisha picha ya nyuma uweke ya eksirei, ya eROSITA au ya XMM-Newton, kisha rudi kwenye mwanga, kisha eksirei tena. Fanya hivyo mpaka jicho lizoee: galaksi ni vitu vidogo vyenye kingo, gesi ni ukungu mmoja unaozimeza zote. Picha za eROSITA zilizotolewa tarehe 31 Januari 2024 zinahusu nusu moja tu ya anga, na Fornax imo.

Sogea kidogo kusini-mashariki hadi NGC 1404. Galaksi hii inaangukia katikati ya kundi, na picha za Chandra zinaionyesha ikiwa na ukingo mkali upande unaoelekea NGC 1399 na mkia wa gesi upande wa nyuma. Gesi yake inapukutishwa inapopita ndani ya gesi ya kundi. Hapo huwa nanyamaza darasani, niwaache waitazame.

Kushusha mafaili

Kwa vipimo picha ya simu haitoshi. Unahitaji faili la FITS, ambalo kila pikseli yake ina namba halisi. Nenda SkyView, huduma ya NASA. Andika jina au majira ya nukta, chagua uchunguzi unaotaka, na usiache ukubwa wa picha ujiamulie wenyewe. Kwa NVSS, uchunguzi wa masafa ya 1400 MHz, omba pikseli 300 na ukubwa wa digrii 1.25. Hapo kila pikseli itakuwa sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja gawanya kwa 3600), sawa na pikseli za picha asilia, na hesabu zako zitabaki safi.

Pamoja na NVSS shusha TGSS, iliyopigwa na darubini ya GMRT nchini India kwa 150 MHz, na GLEAM, iliyopigwa Australia kwa masafa ya 72 hadi 231 MHz. Usiridhike kamwe na masafa mamoja. Nasisitiza hili kuliko kitu kingine chochote katika maelezo haya, kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakifungua NVSS, wakakuta nukta moja kavu katikati ya kikundi, wakaandika kwamba kikundi hicho kimelala. Kikundi chenyewe kilikuwa na historia ndefu iliyoandikwa kwenye masafa ya chini.

Kwa eksirei, picha za zamani za setelaiti ya ROSAT zimo SkyView na zinatosha kuonyesha ukungu wa jumla. Ukitaka kuona mashimo ndani ya gesi, ingia kwenye hazina ya Chandra, tafuta kwa jina la galaksi, shusha faili la matukio lenye «evt2» kwenye jina lake. Faili hilo ni orodha ya fotoni moja moja: ilipiga wapi, lini, kwa nishati gani.

Ukilifungua kwenye DS9, nenda «Bin», kisha «Binning Parameters», na kwenye nafasi ya kichujio andika `energy>500&&energy<2000`. Hizo ni elektronivolti, na ndimo inamoishi gesi ya vikundi vidogo. Juu ya hapo utakuwa unakusanya kelele zaidi kuliko gesi. Unganisha pikseli nne kwa nne, kila pikseli mpya iwe karibu sekunde 2 za tao, halafu lainisha kidogo. Tumia skeli ya logi, la sivyo katikati patawaka peke yake na pembeni patabaki giza.

Kulaza redio juu ya eksirei

Fungua eksirei kwenye fremu moja na NVSS kwenye fremu ya pili, uzifunge pamoja kwa majira ya anga. Kwenye NVSS washa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye nguvu sawa. Usizikubali zile DS9 inazokupa yenyewe, weka viwango vyako. Kelele ya NVSS ni milijansky 0.45 (jansky ni kipimo cha nguvu ya redio) kwa kila doa la darubini, yaani eneo dogo kabisa ambalo darubini inaweza kulitofautisha, kwa hiyo kontua ya kwanza iwe mara tatu ya hapo na kidogo, yaani jansky 0.0015, ifuatiwe na 0.003, 0.006, 0.012, ikienda mara mbili mbili. Kelele ya TGSS ni kubwa zaidi, kama milijansky 3.5, basi huko anzia 0.0105. Nakili kontua, zibandike juu ya eksirei.

Sasa tazama kama redio na eksirei vinakwepana au vinakaa pamoja. Swali hilo ndilo kazi yenyewe.

Zikikwepana, redio ikakaa mahali ambapo eksirei imefifia na ukingo wake unang'aa, umepata povu: mkondo wa shimo jeusi umeisukuma gesi pembeni. Kijana mmoja aliniuliza, «Mwalimu, kama hapa pana shimo, gesi yake imekwenda wapi?» Ndiyo hiyo iliyorundikana ukingoni, ukingo unang'aa kwa sababu gesi imesongamana. Na kama mapovu ya uji wa ulezi jikoni, povu hilo jepesi halikai lilipozaliwa, linapanda kwenda nje.

NGC 5813, galaksi ya katikati ya kikundi kingine, ndiyo mfano bora ninaoujua. Chandra imeonyesha jozi tatu za mapovu katika mstari mmoja, jozi ndogo ikiwa karibu kabisa na katikati na ya tatu ikiwa mbali, na mawimbi ya mshtuko yakizizunguka. Ni milipuko mitatu ya shimo jeusi lilelile, mmoja baada ya mwingine. Mapovu ya ndani yana redio inayoonekana vizuri kwa masafa ya juu; ukitoka nje unahitaji masafa ya chini zaidi na zaidi. HCG 62, kikundi kingine kidogo, nayo ina mapovu mawili, moja kaskazini na moja kusini, ambayo kwa masafa ya juu yanaonekana karibu matupu, lakini GMRT kwa 235 MHz iliyakuta yamejaa. NGC 5044 ni hivyo hivyo: NVSS inakupa nukta, na kwa 235 MHz kuna wingu la redio lililojitenga na katikati. Ukiona shimo kwenye gesi bila redio, usiseme redio haipo. Shuka masafa.

Umri wa povu

Hesabu hii ni fupi na wanafunzi huifurahia. Kwa gesi ya keV 1, kasi ya sauti ni kilomita 500 hivi kwa sekunde, yaani moja ya 600 ya kasi ya nuru. Povu hupanda kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo pima umbali wa povu kutoka katikati ya galaksi kwa miaka ya nuru, zidisha kwa 600, umepata umri wa kukadiria. Povu lililo umbali wa miaka ya nuru 60,000 lina miaka milioni 36.

Kupata umbali huo kutoka kwenye picha, kumbuka kwamba dakika 1 ya tao ni sawa na umbali wa kikundi uliozidishwa kwa 0.000291. Kwa Fornax inatoka miaka ya nuru 19,000 hivi. Unachopima ni umbali kama unavyoonekana kwetu. Povu likiwa limeinama kuja upande wetu au kwenda nyuma, umbali wa kweli ni mkubwa zaidi, na umri pia.

Mteremko wa redio

Umri huo unahitaji shahidi wa pili, na shahidi ni mteremko. Chora duara moja juu ya wingu la redio, duara hilohilo kwa NVSS na kwa TGSS, chukua jumla ya pikseli kutoka kwenye takwimu za eneo. Jumla hiyo bado siyo nguvu ya redio, kwa sababu kila pikseli imeandikwa kwa jansky kwa doa. Igawe kwa idadi ya pikseli zilizo ndani ya doa moja: 1.133 zidisha urefu wa doa, zidisha upana wake, gawanya kwa eneo la pikseli. Doa la NVSS ni sekunde 45 kwa 45, pikseli ni 15, jibu ni 10.2. Doa la TGSS ni 25 kwa 25 kwa anga la kaskazini, lakini kwa vitu vya kusini hurefuka. Kwa NGC 5044 linakuwa kama 25 kwa 31. Ukubwa wa pikseli usome kwenye kichwa cha faili.

Kisha: mteremko ni logi ya (nguvu ya 150 MHz gawanya nguvu ya 1400 MHz), ukigawanya kwa logi ya 1400/150, ambayo ni 0.970. Tuseme, kwa mazoezi tu, umepata milijansky 100 na 20. Logi ya 5 ni 0.699, mteremko ni 0.72, na hiyo ni redio ya kawaida ambayo bado inalishwa. Ungepata 100 na 8, logi ya 12.5 ni 1.097, mteremko ni 1.13, na hapo unaangalia elektroni zilizochoka. Kama NVSS haina kitu kabisa na TGSS ina nukta ya milijansky 30, weka 1.35 ya kelele mara tatu badala ya sifuri: mteremko hauwezi kuwa chini ya 1.39. Kutoonekana nako ni kipimo, mradi ukiandike kama kikomo.

Mambo matatu yanayodanganya

Fornax A, yaani galaksi NGC 1316, iko digrii tatu na nusu hivi kutoka NGC 1399, ndani ya kikundi kidogo kinachoelekea kuungana na Fornax. Mawingu yake mawili ya redio, mashariki na magharibi, yanakaribia digrii moja kwa upana, karibu mara mbili ya mwezi mpevu. Nguvu yake kwa 1400 MHz ni zaidi ya jansky 100. Ukiipima kwenye NVSS utapata pungufu. Darubini zinazounganisha antena nyingi hazioni kitu kipana kupita kiasi, na NVSS hupoteza vitu vinavyozidi dakika 15 hivi za tao. Kwa kitu kipana tumia GLEAM, au tafuta picha ya MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ambayo kwa Fornax A ni ya kupendeza mno.

Jambo la pili liko hapo hapo. Mawingu ya Fornax A yanatoa eksirei, lakini siyo za gesi ya moto. Elektroni zilezile za redio zinagongana na fotoni hafifu zilizobaki tangu mwanzo wa ulimwengu na kuzipandisha hadi nishati ya eksirei. Kwa hiyo redio na eksirei zikikaa pamoja, usikimbilie kusema gesi.

La tatu ni Stephan's Quintet, iliyoorodheshwa kama HCG 92. Huko kuna ukanda mrefu wenye redio na eksirei kwa pamoja, na safari hii eksirei ni gesi ya moto kweli. Galaksi moja, NGC 7318b, imeingia kikundini kwa kasi inayokaribia kilomita 1000 kwa sekunde na kusababisha mshtuko. Mshtuko huohuo umepasha gesi na kuzipa elektroni mwendo. Shimo jeusi halihusiki na ukanda huo. Kabla ya kumlaumu au kumsifu shimo jeusi, angalia picha ya mwanga wa kawaida uone kama kontua zako zimeanzia kwenye kitovu cha galaksi yoyote. Zisipoanzia, tafuta mgongano. Na zikiwa nukta tupu mbali na galaksi zote, huenda ni galaksi ya mbali sana iliyo nyuma ya kikundi.

Ukimaliza Fornax, nenda NGC 5044, kisha HCG 62, halafu NGC 5813. Zote zinapita karibu na utosi wa Dodoma, na jioni za Juni, anga likiwa kavu, unaweza kumwonyesha mwanafunzi kwa kidole upande zilipo. Kwenye daftari andika kwa kila kikundi masafa, ukubwa wa doa, kelele, viwango vya kontua, na mpaka wa nishati uliochuja. Mwenzako wa kidato kinachofuata aweze kurudia hesabu yako bila kukuuliza. Na kwa hizo tatu, fungua TGSS kabla ya NVSS.